Mipaka ya Jarida la Mseto

Risala ya Kamati ya Uhariri ya jarida la Mseto, pamoja na wakazi wa Namichele, kwa Mkaguzi wa Machapisho. Imesomwa na Katibu wa Kamati, Mwalimu Modesta Nandonde, katika ukumbi wa kisomo cha watu wazima, Magomeni, Mtwara, Agosti 1976.

Mgeni rasmi, Ndugu Andrea Mkwizu, Mkaguzi wa Machapisho;
Ndugu viongozi mliopata meza kuu, nanyi mliokosa meza;
Ndugu zetu wa Namichele mliopanda lori la magunia tangu alfajiri;
Ndugu wananchi:

KUKARIBISHA

Sisi wanakamati wa Mseto, jarida la utafiti wa fani mbalimbali, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tulikutazamia mwezi wa Machi, tukakutazamia tena mwezi wa Mei, na mara zote mbili pilau yako ikaliwa na watu ambao hawajui hata jarida ni nini. Leo umefika kweli. Wale waliokuwa wakibisha kwamba Mkaguzi wa Machapisho ni muhuri tu, hana mwili, sasa wameona.

Tunakuomba radhi kwa kiti. Ndicho kizuri kuliko vyote hapa Magomeni, ila usiegemee upande wa kushoto.

Tumeagizwa risala isizidi dakika kumi na iwe na lugha ya heshima. Heshima ipo. Kuhusu dakika, tutaomba msamaha baadaye.

HISTORIA YA JARIDA

Mseto ulianza kwa ugomvi, mwaka 1974. Bwana Shamba Salumu na Mwalimu Ismaili wa hisabati walikuwa wakibishana ni kwa nini mikorosho ya shule huzaa kidogo kuliko mikorosho ya walimu, wakati ni mbegu ile ile na mvua ile ile. Salumu alisema ni udongo. Ismaili alisema ni idadi ya macho yanayolinda. Dada Mwajuma, mwuguzi msaidizi wa zahanati kule Namichele, alikuwa amekuja mjini kuchukua dawa. Akawauliza: "Mmewauliza watoto wanakula nini saa nne?" Hawakuwa wameuliza. Walipouliza, wakakuta udongo una sehemu yake, macho yana sehemu yake, na njaa ya saa nne ina sehemu kubwa kuliko zote.

Siku ile tukaona kila mmoja ana punje zake, na punje peke yake haishibishi. Tukaanzisha jarida, tukaliita Mseto, kwa kuwa humo mchele na choroko huiva sufuria moja na hakuna anayeuliza nani mkubwa. Tulikuwa wanne: Salumu, Ismaili, Mwajuma na mimi, mwalimu wa jiografia. Tukapata mashine ya kurudufu iliyostaafishwa na ofisi moja. Ilikuwa na mkono mmoja tu, lakini mkono huo ulifanya kazi.

Januari mwaka huu, Ndugu Mgeni Rasmi, ofisi yako ikatuandikia barua ya mstari mmoja: "Bainisheni mipaka ya jarida lenu."

Barua ilimkuta Salumu peke yake. Salumu kazi yake ni kujaza fomu za mashamba, na kwake mipaka ni mipaka. Alikaa chini akajibu hivi: "Kaskazini, jarida linapakana na bandari. Mashariki, bahari. Kusini, Mto Ruvuma. Magharibi, mkorosho wa marehemu Bibi Esta na kichuguu kilicho karibu. Ukubwa, kurasa ishirini na nne, sehemu kubwa tambarare." Akapiga muhuri wa kilimo, akatia posta.

Tulipojua tulitaka kumfukuza kwenye kamati. Lakini ofisi yako haikucheka wala haikukasirika. Ilijibu kwamba mipaka ya pande tatu imepokelewa, ila huo wa magharibi una utata, kwa sababu kichuguu huweza kukua. Barua hiyo tunayo. Salumu ameibandika ukutani, na tangu siku hiyo hashauriki.

Mwalimu Ismaili akaona arekebishe. Aliandika: "Mseto ni jarida la utafiti unaovuka mipaka ya fani." Ni maneno mazuri, na hadi sasa hatuna mazuri zaidi. Tatizo ni kwamba stensili ya jalada ilikuwa imebaki nafasi ndogo, na Ismaili, ambaye ni mtu wa hesabu, akaona maneno mawili ya mwisho yanaweza kuondolewa bila hasara. Jalada la toleo la pili likatoka na herufi kubwa: UTAFITI UNAOVUKA MIPAKA.

Sehemu ya majarida hayo tuliipakia kwenye lori kuelekea Ruvuma, pamoja na mashine yenyewe, ili toleo la tatu tulichape huko huko Namichele. Kila aliyeishi huku kwetu miaka ile ya vita ng'ambo ya mto anajua neno hilo likisomwa kwenye kizuizi cha barabarani lina maana gani. Ndugu wa kizuizini akafungua furushi, akasoma jalada, akamtazama Ismaili.

"Nani wamevuka?"

Ismaili, badala ya kunyamaza, akajibu kitaalamu: "Hisabati na Jiografia."

"Majina ya baba zao?"

"Hawana."

"Walivuka na mtumbwi wa nani?"

Hatutaki kurefusha. Ismaili alirudi nyumbani siku ya tatu. Mashine haikurudi. Iko kizuizini mwezi wa nne sasa, na tumesikia kwamba Ndugu Hisabati na Ndugu Jiografia bado wanatafutwa. Mimi ninayefundisha mmoja wao nimeona niseme mapema kwamba hajawahi kutoka darasani.

MAFANIKIO

Pamoja na hayo, tuna ya kujivunia. Toleo la kwanza lilikuwa na ile makala ya mikorosho, na baada ya hapo shule mbili zilianza kupika uji wa saa nne. Mikorosho ya shule hizo imezaa vizuri. Ya walimu imepungua kidogo, na walimu husika wametuandikia barua ambazo hatutazisoma leo.

Toleo la pili lilikuwa na uchunguzi wa mikutano kumi na minne ya hadhara. Ismaili alikaa nyuma na saa yake, Mwajuma alikaa karibu na kina mama wenye watoto wachanga. Waligundua kwamba kuanzia kiongozi anaposema "kwa kumalizia" hadi anapomaliza, hupita wastani wa dakika arobaini na saba, na kwamba muda huo ndio huwaharisha watoto kesho yake, kwa sababu maji waliyobebewa yamekwisha na hunyweshwa yaliyopo. Makala hiyo ilisomwa sana. Kuna viongozi waliacha kabisa kusema "kwa kumalizia". Wanaendelea tu.

Hivyo ndivyo tunavyofanya kazi, Ndugu Mgeni Rasmi. Hatuna maabara. Tuna saa moja, kamba ya kupimia, mizani ya zahanati, na tabia ya kuingilia mambo yasiyotuhusu.

MATATIZO

Hapa tunaomba utusikilize kwa makini kidogo, maana utani wetu unaishia hapa, ingawa hatuahidi.

Mwaka juzi wakazi wa Namichele walihamishwa kutoka bondeni, karibu na mto, wakapangwa juu, kandokando ya barabara, nyumba zimenyooka vizuri sana. Sisi tunaunga mkono vijiji. Barabara imesogea karibu, shule imesogea karibu, zahanati ya Mwajuma imesogea karibu. Mto ndio haukusogea.

Oktoba iliyopita aliletwa zahanati mama mmoja, Hadija Rashidi, mwenye umri wa miaka ishirini na sita. Jana yake alikuwa amelima na kuchota maji. Asubuhi hiyo aliamka miguu imekakamaa, magoti hayakunjiki sawasawa, kisigino hakigusi chini. Hakuwa na homa. Hakuanguka. Mwajuma alimpima alichoweza kumpima akakosa jina la ugonjwa. Wiki ile ile akaletwa mtoto wa jirani yake, hali moja. Hadi Aprili walikuwa kumi na saba, wanawake kumi na mmoja na watoto sita. Hakuna aliyepona.

Maelezo hayakukosekana. Wengine walisema ni uchawi. Wengine wakasema ni sumu ya vita iliyobaki ardhini. Na kwenye daftari la kazi za kijiji, mbele ya jina la Hadija, paliandikwa neno moja: mtoro. Alipoulizwa mbele ya mkutano kwa nini haonekani shamba la kijiji, alijibu: "Mie sijaikimbia kazi. Miguu ndo imenikimbia mie." Watu wakacheka, yeye hakucheka.

Mwajuma hakuishia kwenye dawa. Alimwita Salumu akamwuliza habari za muhogo. Salumu akasema wanaokula Namichele ni muhogo mchungu, aina ile ile wanayokula ndugu zao waliobaki bondeni upande wa Kitaya, na huko bondeni hakuna hata mmoja aliyekakamaa. Basi si muhogo, akasema Salumu. Mwajuma akamwuliza Hadija mwenyewe, na Hadija ndiye aliyetufungua macho wote.

"Mchungu hauliwi hivihivi, dada. Kule bondeni tulikuwa tunauzamisha dimbwini siku tatu, nne, mpaka unalainika, unanuka. Ndo unaanika. Huku juu dimbwi liko wapi? Siwezi kubeba maji kichwani nikauogeshe muhogo, watoto wana kiu. Tunamenya, tunatwanga, tunaanika jua moja, jioni tunasonga ugali."

Mimi nikapelekwa kupima njia. Kutoka nyumba za zamani hadi mtoni ni dakika kumi na mbili. Kutoka nyumba mpya ni saa moja na dakika arobaini, kwenda tu, bila ndoo. Ismaili akachora jedwali: nyumba zilizo mbali zaidi na maji, nani anakula muhogo wa jua moja, na nani amekakamaa. Nyumba kumi na sita kati ya kumi na saba zenye wagonjwa ziliangukia safu moja. Ile moja iliyobaki, mama alikuwa akila kwa dada yake, aliyemo katika safu hiyo.

Hatusemi tumemaliza. Huenda na ukosefu wa samaki na kunde una mchango, kwa kuwa mwaka ule ulikuwa wa njaa. Tumeandika hivyo, kwa maneno hayo hayo. Tulichoandika kwa uhakika ni hiki: muhogo mchungu uloweshwe siku tatu au zaidi, maji yamwagwe, ukauke kabisa ndipo usagwe, na usiliwe siku ile ile uliyomenywa.

Makala tuliipa jina "Miguu, Muhogo na Mto". Kwa kuwa mashine yetu iko kizuizini, tuliituma kwa wengine waichape. Ofisi ya kwanza, ya mambo ya afya, ilijibu kwamba muhogo ni zao, hivyo tuwaone wa kilimo. Wa kilimo wakasema zao likishavunwa ni mambo ya jikoni, tuwaone wanaohusika na kina mama. Wanaohusika na kina mama wakasema shida ni maji. Wa maji wakasema mto uko pale pale ulipokuwa, tuwaone waliopanga kijiji. Waliopanga kijiji wakasema hili ni suala la ugonjwa, tuwaone wa afya. Makala imezunguka meza tano, ikarudi imechoka na mihuri mitano. Kila meza ilikuwa na haki kwa sehemu yake, na hicho ndicho kinachotutia uchungu. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyemsaidia Hadija.

Ndipo tukakuletea wewe, Ndugu Mgeni Rasmi. Barua yako ya Julai tunayo. Ulituagiza mambo mawili. La kwanza, tuchague fani moja, kwa sababu jarida lisilo na fani moja haliwezi kuorodheshwa kwenye kabati lenu lenye droo. Tumekaa vikao vitatu. Tukichagua afya, tunamtoa Salumu na muhogo wake. Tukichagua kilimo, tunamtoa Mwajuma. Tukichagua jiografia ninabaki mimi peke yangu na mto. Kila tunapomtoa mtu mmoja, makala haisemi tena kwa nini watu wamekakamaa. Inasema tu kwamba wamekakamaa, na hilo Namichele wanalijua bila kuandikiwa.

Jambo la pili ulilifanya kwa kalamu nyekundu. Ukurasa wa nne tuliandika: "Wanawake wa Namichele waliacha kulowesha muhogo kwa sababu wamehamishwa mbali na maji." Ulikata kuanzia "wamehamishwa", ukaandika juu yake: "ya mazoea mabaya". Tumeisoma sentensi hiyo mpya mara nyingi. Ni fupi na inaingia kwenye droo. Lakini mazoea yao yalikuwa mazuri, Ndugu. Walikuwa nayo tangu kwa bibi zao, na yalitaka maji tu. Tulipomsomea Hadija marekebisho yako, aliuliza huyo aliyeandika amewahi kula muhogo.

Tulikasirika. Tunalisema hapa wazi kwa sababu lugha ya heshima haikatazi kusema kweli. Huu ni Agosti. Mahindi yamekwisha, na kuanzia sasa hadi mvua watu watakula muhogo asubuhi na jioni. Kila wiki makala inayokaa kwenye droo, kuna mtu anamenya, anatwanga, anaanika jua moja.

MAOMBI

Kwa hiyo tunaomba machache.

Tunaomba uwaandikie ndugu wa kizuizini watupe mashine yetu. Kama ni lazima wabaki na mtuhumiwa, tunawaachia kichuguu.

Tunaomba Mseto uachwe uwe mseto. Ukilazimika kuandika mipaka kwenye fomu, andika hivi: jarida hili linapokea utafiti wowote unaoanza na shida ya mtu, na linafuata shida hiyo popote inapokwenda. Kama hakuna droo ya namna hiyo, Salumu ni fundi mzuri wa mbao na yuko tayari kuja na randa yake.

Tunaomba wanawake wa Namichele waruhusiwe siku mbili kila wiki kushuka bondeni kulowesha muhogo, na siku hizo zihesabiwe kazini. Neno lile lililoandikwa mbele ya jina la Hadija na wenzake likatwe. Kalamu nyekundu unayo. Na wale wanaoweza kupeleka maji juu, wengine wamo humu ndani, wasitazamane.

Kuhusu makala yenyewe, hatuna ombi tena, na hapa ndipo tunapodaiwa msamaha wa dakika. Agizo la ofisi yako linataja magazeti, majarida, vitabu na vipeperushi kwamba visisambazwe kabla hujaviidhinisha. Tumelisoma sote wanne, Ismaili mara mbili. Risala haimo. Kwa hiyo tumeisoma makala yetu mchana huu mbele ya watu mia tatu, muhogo na mto na sentensi ya ukurasa wa nne ikiwa nzima. Kina mama wa Namichele, Kitaya na Magomeni wameisikia, na hao hawahitaji mashine ya kurudufu.

Mungu akulinde njiani, Ndugu Mgeni Rasmi, na akufikishe salama kwa familia yako. Akupe afya, akupe chakula kilichoandaliwa na mtu mwenye maji ya kutosha, na asikupe usingizi mzuri sana mpaka utakapotujibu.

Desturi inataka msomaji wa risala akukabidhi nakala mkononi. Mimi nimesoma, lakini si mimi nitakayekukabidhi. Atakukabidhi Hadija Rashidi, ambaye amekaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Tulimwekea nafasi hapa mbele akaikataa. Alisema, "Nikikaa mbele ataona mtu amekaa. Mie nataka anione nnavyokwenda."

Kutoka pale mlangoni hadi mezani kwako nimepima, ni hatua ishirini na mbili. Tunakuomba usiinuke kwenda kumpokea njiani. Nanyi wananchi msimshike mkono, wala msipige makofi. Dada Hadija, chukua nakala. Ndugu Mgeni Rasmi, mtazame. Anakuja.

Ni sisi,
Kamati ya Uhariri ya Mseto
pamoja na wakazi wa Namichele.